Jukwaa la Maofisa Kule Shimla

Nilikuwa nimempeleka mama Chandigarh, India, kwa matibabu ya moyo. Siku ya sita alipoanza kula vizuri akaniambia, "Nenda ukatembee, mwanangu. Dada yako atakaa nami." Kesho yake alfajiri nikapanda treni ndogo ya kutoka Kalka kwenda Shimla, mji wa milimani, katika reli iliyofunguliwa mwaka 1903, inayopenya mahandaki zaidi ya 100 ndani ya kilomita 96. Kila tulipoingia gizani, watoto wa behewa letu walipiga ukelele.

Kilichonipeleka Shimla ni Gaiety, ukumbi wa maigizo uliofunguliwa mwaka 1887, enzi ambazo Waingereza walihamishia serikali yao ya India milimani kila kiangazi, makao makuu ya jeshi yakiwemo. Walioigiza humo walikuwa watu wa ridhaa: maofisa wa jeshi, wakubwa wa serikali, wake na dada zao.

Ukumbi wenyewe ni mdogo, umejikunja kama kiatu cha farasi. Mzee aliyenizungusha alinikalisha nyuma kabisa, akapanda jukwaani, akasugua vidole viwili. Nikasikia! Mimi hufundisha watoto wa shule kuigiza, Nyeri, ndani ya bwalo la mabati. Mvua ikianza, maneno yote hupotea. Niliwaonea wivu wale maofisa, sitaficha.

Lakini matatizo yao nayafahamu. Emily Eden, dada yake Gavana Mkuu wa India, aliandika kuhusu kikundi cha mabwana walioigiza Shimla mwaka 1838, nusu karne kabla ya ukumbi huu. Kikavunjika. Mmoja aliingiwa na huzuni. Mwingine, aliyezimudu vizuri nafasi za wanawake, alikataa kunyoa masharubu. Wa tatu akaenda zake kuwinda dubu. Kila mwaka nampoteza mwigizaji mkuu wiki ya mwisho, ingawa wangu huenda kwenye mpira.

Mzee alipojua ninakotoka alitaja jina moja: Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Naye aliigiza Shimla alipokuwa ofisa wa jeshi India. Nilishtuka. Kaburi lake tunalo Nyeri tangu 1941. Nikiwa skauti nimelifagia mara nyingi, lile jiwe lenye duara na nukta katikati. Sikuwahi kumwaza akiwa amejipodoa, akisubiri zamu yake nyuma ya pazia.

Kuna jambo jingine lililonikaa moyoni. Kwenye barabara ya Mall, mbele ya ukumbi, magari ya farasi yaliruhusiwa kwa watu watatu tu: mwakilishi wa malkia, mkuu wa majeshi na gavana wa Punjab. Wengine wengi walikuja kwa riksho, kila moja ikiendeshwa na wanaume wanne, wawili wakivuta na wawili wakisukuma. Usiku wa mlima ule huwa na ubaridi hata Juni. Wakati ndani watu wakicheka na kupiga makofi, nje walijikunyata wale wanaume mpaka pazia lifungwe. Picha za waigizaji zimetundikwa ukutani kwa heshima. Za wavutaji nilizitafuta ukuta hadi ukuta, sikuona.

Nilipotoka, mchukuzi alikuwa ameegemea ukuta, kabati la mbao mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Alivuta pumzi tatu, akainama, akaendelea kupanda.