Pale nakshi inapofunga duara

Chungu ninachokichora kwa mwezi wa pili sasa nilikinunua Majengo, hapa Dodoma, kwa mama anayefinyanga na kuuza mwenyewe. Ni chungu cha kupikia, chenye kitako cha mviringo, na begani kina mkanda mmoja wa nakshi: pembetatu zilizojazwa mistari ya mshazari, zikipishana na pembetatu tupu zilizogeuzwa kichwa chini. Nakshi hiyo ilichanjwa udongo ukiwa umeanza kukaza lakini haujakauka, ndiyo maana kandokando ya kila mstari kuna tuta dogo ambalo kidole hulihisi kabla jicho halijaliona.

Nilianza kwa kuzungushia bega karatasi nyepesi na kuipitishia mkaa. Karatasi ilikunjamana, kwa kuwa bega la chungu huteremka kama pia iliyokatwa ncha, na mkanda unaoonekana mnyoofu ukiwa umezunguka chungu huwa upinde ukilazwa mezani. Niliharibu karatasi kadhaa nikiulazimisha unyooke. Nilipouacha ujipinde, nikapata mchoro wa kwanza wenye maana.

Kisha nikaanza kupunguza. Nilifuta mipaka ya pembetatu, nikabakiza mistari ya ndani peke yake, na umbo likaendelea kusomeka, kwani jicho hujichorea ukingo pale mistari inapokomea. Nikaendelea kupunguza mistari yenyewe. Ilipobaki mitano katika kila pembetatu, nakshi ilikuwa bado hai. Ilipobaki mitatu, nikawa nimechora nyasi.

Kilichonishika zaidi, hata hivyo, ni upande wa pili wa chungu. Aliyekifinyanga hakupima: alianza mahali, akazunguka kwa kukadiria, na alipokaribia alikoanzia akakuta nafasi iliyobaki haitoshi, ingawa ni kubwa mno kuachwa wazi. Pembetatu tatu za mwisho zimebanwa, na ya mwisho kabisa ni nyembamba kama mwiba wa mgunga. Nilipomrudia yule mama na kumwonyesha, alicheka, akasema, "Mwanangu, hapo ndipo nilipofungia. Upande huo hugeuziwa ukutani."

Michoro yangu yote minane sasa inahusu pembetatu hizo tatu tu. Saba imekamilika. Wa nane umekwama kwenye mwiba: nikiuchora kwa rula unaonekana kosa, nikiuchora kwa mkono mtupu unaonekana madoido, na mwenyewe aliuchanja mara moja tu, akaendelea na chungu kingine.