Pweza

Tangu Jumatano mpaka leo Jumamosi, na ile p bado inanigonga kichwani.

Sayansi, darasa la tatu, viumbe wa baharini. Nikauliza nani anitajie mmoja. Yule kijana wangu wa dirishani (mwenye kigugumizi, niliyewasimulia wiki jana) akanyoosha kidole, mara yake ya kwanza tangu nije. Akasimama. "P... p... p..." Macho kayafumba, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa dawati. Wenzake wakaanza kucheka kwa pua. Nikamwonea huruma, nikadakia: "Papa! Vizuri sana! Mpigieni makofi."

Akapigiwa. Akakaa.

Wakati wa kukusanya madaftari akabaki nyuma. "Mwalimu, mi-mi-mimi nilikuwa nasema p... p... pweza."

Makofi yote yale nilikuwa nalipigia jibu langu mwenyewe.

Na swali hili, mwalimu afanyeje mwanafunzi akigugumia, nililipata kwenye mtihani chuoni! Niliandika: ampe muda, amtazame usoni, asimmalizie neno. Nikapata zote. Wenzangu wa BTP (mazoezi ya kufundisha) nilipowasimulia, mmoja akasema ni woga tu, mwingine eti alitekenywa sana alipokuwa mchanga. Mimi niliyejua kwamba wala si woga, kwamba kigugumizi huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5 na wengi hukiacha wenyewe, ndiye niliyemnyang'anya pweza wake. Papa! Kwa nini hata papa?

Alhamisi mkufunzi alikuja kunikagua, nikapita, alhamdulillahi.

Jana nikawasomesha kifungu darasa zima kwa sauti moja, kama watoto wa madrasa. Nikasogea dirishani, najifanya nakagua madaftari. Wallahi hakujikwaa hata mahali pamoja! Anasoma huku anatikisa mguu, tena kawatangulia wenzake kwenye nukta. Nikatoka nje nikacheka peke yangu, nikakumbuka dua ya Nabii Musa ya kufunguliwa fundo la ulimi, ile Maalim aliyokuwa akitusomesha kila alfajiri.

Lakini siku ya kupimwa kusoma, peke yake, saa inahesabu maneno kwa dakika, hizo p nani atamwondolea?

Jumatatu nauliza tena viumbe wa baharini. Nitang'ata ulimi.