Tulivyojifunza kituoni kwetu Lamu kumweleza mgonjwa mambo ya SHA mpaka akaelewa

Wenzangu wa vituo vingine vya huku visiwani wameniuliza sana tulifanyaje, kwa hivyo naandika yote hapa mara moja, mwenye kufaidika afaidike. Mie ni nesi wa kituo cha serikali hapa kaunti ya Lamu, na hii kazi ya kueleza watu SHA, yaani bima ya afya ya serikali, sikuajiriwa nayo, ilinijia tu kwa vile nilikuwa siwezi kumuona mtu mzima anazungushwa dirisha hadi dirisha nikanyamaza.

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, ile bima ya afya ya zamani, ilipofungwa SHA ikaanza, mgonjwa wa huku alijua jambo moja tu, kwamba ile kadi ya zamani haina kazi tena. Mengine yote aliyasikia barazani, na sisi wahudumu wengi wetu tuliyasikia barazani hapo hapo. Mtu anamuuliza kashia anaambiwa hivi, anafika dirisha la dawa anaambiwa vile, na bawabu pale langoni alishampa jibu lake kabla hajaingia, sasa mamangu wewe uliyetoka Pate na boti ya alfajiri ushike lipi uache lipi? Na wahudumu si kwamba walikuwa na roho mbaya wallahi, walionyeshwa kompyuta inabonyezwa vipi basi, kumweleza binadamu mwenzio hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Basi nikaenda kwa inchaji nikamuomba kidogo tu, asubuhi moja kwa wiki kabla foleni haijajaa, tukae wote kwenye chumba cha chanjo. Na nikasema wote, yaani bawabu, kina mama wa usafi, kashia, wa maabara, wa rekodi, mpaka nahodha wa boti yetu ya wagonjwa akiwepo. Kuna waliouliza mfagizi anahusika vipi na bima. Nikawaambia kaeni pale mlangoni nusu saa tu muangalie mgonjwa anamuuliza nani kwanza, manake daktari anaogopwa, nesi anaonekana ana haraka, lakini yule mama wa usafi ni jirani yake, ni mtu wa mtaa wake, ndiye anayevutwa pembeni akaulizwa "hebu niambie, kwani hii kitu inalipiwa?" Akijibu vibaya yeye, sisi wengine tutapiga kelele siku nzima hatutaaminiwa.

Cha kwanza nilichofanya ni kumwambia kila mwenye mshahara alete payslip yake. Wengi walikuwa wanakatwa hawajui wanakatwa kwa hesabu gani. Ni asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla haujaguswa, kwa hivyo wa elfu 30 anakatwa shilingi 825 kila mwezi. Kila mtu akapiga hesabu yake na simu, chumba kizima kikachangamka, na ukishaielewa hela yako mwenyewe ya mwenzio unaielewa haraka. Halafu tukaja kwa asiyekuwa na mshahara, mvuvi, fundi wa dau, muuza mahamri, mwenye punda wake. Huyu anajibu maswali ya hali ya nyumba yake, anatolewa kiwango, na hakiwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi, lakini halipi mwezi mwezi kama alivyokuwa akilipa zile 500 za NHIF, analipa ya mwaka mzima pamoja, ikiwa ni kile cha chini kabisa basi 3,600. Hapa ndipo watu wengi walipokuwa wamepotea.

Halafu kuna jambo ambalo naliona ndio roho ya yote, na tulilirudia asubuhi baada ya asubuhi mpaka bawabu akawa analisema vizuri kuliko daktari: kujiandikisha ni jambo moja na kulipa ni jambo jingine. Mtu amebonyeza *147# amemaliza, amepata ujumbe, anatembea akijua ana bima. Ukijiandikisha tu unatibiwa zahanati na kituo cha afya yale mambo ya msingi bila kulipa, hiyo hela inatoka Mfuko wa Huduma za Msingi na serikali ndiyo inayoutia. Lakini siku ukilazwa hospitali kubwa, ukifanyiwa operesheni, hapo unaingia ule mfuko wa SHIF, yaani mfuko wa bima wenyewe, ambao sharti uwe umelipa mchango wako. Na wa tatu ni wa dharura na maradhi mazito ya muda mrefu, na kwa maradhi hayo wa SHIF ukifika mwisho wake ndio unaingia. Sikutaka mtu wa usafi akariri yote hayo, nilitaka kila mmoja ajue kuuliza maswali mawili, "umejiandikisha?" na "umelipa ya mwaka?", na akishapata jibu ajue ampeleke kwa nani.

Sasa njia yenyewe ya kufundisha. Kusomeana makaratasi niliacha mapema, watu walikuwa wanasinzia. Tukawa tunacheza, mmoja anakuwa mgonjwa mwingine mhudumu, na anayekuwa mgonjwa aje na kisa cha kweli alichokiona wiki ile, bila kutaja jina la mtu. Sheria ilikuwa huruhusiwi kutumia neno ambalo bibi yako Matondoni hatalielewa, na ukimaliza kueleza huruhusiwi kumuuliza mgonjwa "umeelewa?" Kwa sababu huku kwetu mtu akiulizwa umeelewa atasema ndio, ni heshima, hawezi kumuaibisha nesi mbele za watu. Badala yake unamwambia, "Mamangu, ukifika nyumbani mzee akikuuliza umeambiwa nini, utamwambiaje?" Hapo ndipo utajua.

Nakumbuka dada mmoja mja mzito, mimba bado changa, alikuja kliniki na nesi mwenzangu akamueleza vizuri kabisa nikiwa nasikiliza. Akaulizwa lile swali la mzee nyumbani. Akasema, "Nitamwambia nimeshaandikwa, kuzaa ni bure kama zamani." Yaani maelezo yote yale na bado kichwani mwake ilikuwa Linda Mama, ule mpango wa zamani wa kuzaa bure. Mwenzangu hakukasirika, akavuta kiti akakaa karibu naye akaanza upya, "Dada, ile ya zamani imeisha, sasa ni Linda Jamii, na sharti mchango uwe umelipwa. Mume wako kazi yake nini?" Mvuvi. "Sasa ni kaskazi, anapata?" Anapata. "Basi mwambie aweke kidogo kidogo kabla kusi haijaingia, manake wewe utajifungua ndani ya kusi." Akaulizwa tena mzee ataambiwa nini, na safari hii alisema mwenyewe, tena kwa maneno yake, kwamba hela ya bima itoke kabla bahari haijachafuka. Tangu siku ile hiyo ndiyo ikawa namna yetu ya kueleza kwa kila nyumba ya wavuvi.

Nalisisitiza hili la kina mama kwa sababu ndipo tulipopata faida kubwa. SHA inailipa hospitali shilingi 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa operesheni, sasa kama mchango haujalipwa fikiria mvuvi atazitoa wapi usiku mmoja ndani ya kusi. Ukimueleza mama bima siku ameshikwa na uchungu umemtia hofu tu, hana la kufanya. Ukimueleza kliniki ya kwanza ana miezi mbele yake. Kwa hivyo tukahamisha mazungumzo yote pale, na kitabu chake cha kliniki kikawa kinatiwa alama ya penseli, ameandikwa au amelipa, wa kesho asianze kumuuliza upya.

Mambo ya simu nayo mnayajua. Kulikuwa na wakati mgonjwa akifika lazima namba ya siri iingie kwenye simu yake ndio afunguliwe, na nusu ya wazee wetu wameandikishwa kwa laini ya mjukuu aliye Mombasa. Mzee amelala kitandani Lamu, namba imeingia Kongowea, mjukuu yuko kazini hashiki simu. Alama za vidole zilipokuja ikawa nafuu, lakini bado tunamuuliza kila mtu laini iliyoandikwa ni ya nani na iko wapi, na watoto wake wameingizwa au yuko peke yake, kwa maana wengi wanadhani baba akishajiandika basi wana wameingia wenyewe.

Kuna swali la dini ambalo kwa Lamu haliepukiki, na mkufunzi wa kutoka bara hatakuambia. Watu wanauliza bima ni halali? Na huu mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo wa kulipia ule mchango wa mwaka, una riba au hauna? Nikawaambia wenzangu sisi hatutoi fatwa. Tunaeleza jambo lilivyo, kwamba huu ni mchango wa sheria na ule mwingine ni mkopo, halafu tunamwambia ami akamuulize shekhe wake. Lakini tulitangulia sisi kwenda kwa maimamu tukawaeleza hela inaingiaje na inatokaje, ili muulizaji akifika amkute shekhe anajua anachoulizwa. Walitupokea vizuri mno Mungu awalipe, na wengine walitupa nafasi ya kusema na watu baada ya sala.

Lingine ni yale maswali ya nyumba, ukuta wa nini, paa la nini. Hapa mji wa kale mtu anaweza kukaa nyumba ya mawe ya urithi, milango ya nakshi, na jikoni hakuna kitu. Watu kama hawa wanaogopa kujibu. Tulichofundishana ni kumwambia ajibu ukweli wote, na kile kipato pia akiseme kilivyo, na kiwango kikimshinda asinyamaze, aende Huduma Centre akaulize. Bi mkubwa asiyeweza kutembea anasindikizwa na mhudumu wa afya wa mtaa wake, hawa tuliwaingiza kwenye vikao vyetu baadaye na natamani tungewaita tangu mwanzo, wao ndio wanaoingia majumbani.

Vitambulisho bado vinatutesa, kijana hana kitambulisho na hilo nesi hawezi kulitatua, tunamuelekeza tu.

Kwa anayetaka kuanza kwake, Faza, Kizingitini, popote, usisubiri semina ya hoteli. Chukua chumba kimoja na asubuhi moja, ita bawabu kwanza, leteni payslip, halafu mcheze kisa kimoja tu mpaka kiishe. Viwango vikibadilika andika karatasi mpya uitie tarehe, ubandike pale kwa kashia na uichane ya zamani, maana kwetu karatasi mbili zikikaa ukutani wagonjwa husoma ile ya zamani. Na wanafunzi wa uuguzi wakiletwa kwako, wape lile swali la mzee nyumbani kabla hujawapa kipimo cha presha.