Nyumba, nyumbani

Mwaka 1997, wiki ya tatu tangu nianze kidato cha kwanza, nilipewa kusoma taarifa mstarini kwa Kiingereza. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili. Sasa hata biolojia ilikuwa Kiingereza. Nikaenda vizuri hadi kwenye "responsibility". Nikaitamka yote, kila silabi kwa ukamilifu wake, nguvu nikaiweka kwenye "li". Wa kidato cha nne wakacheka. Nikarudia vilevile kwa sauti zaidi, wakazidi kucheka.

Wakati wa chai mwalimu wa Kiingereza akaniita darasani.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Kaa hapo, mwanangu."

Vicheko hakuvigusia. Aliandika ubaoni "nyumba", nikasoma. Akaongeza "ni" mwishoni, nikasoma tena. Akauliza mkazo nimeuweka wapi. Nilirudia kimoyomoyo: kwanza "nyu", halafu "mba". Ulikuwa umehama! Kiswahili nimenyonya nacho, na jambo hilo sikuwahi kulisikia.

"Kiswahili huhesabu kutoka mwisho, silabi ya pili," akasema. "Sasa niambie: barabara ya lami, na kazi iliyofanywa barabara. Ni sawa?"

Hazikuwa sawa. Ya lami inakaza "ba" ya pili. Ile nyingine inarudi nyuma hatua moja, silabi ya tatu kutoka mwisho. Nilizisema zote mbili mara nyingi, nikizionja.

Ndipo akaandika "electric", akatia nukta ya chaki chini ya "lec". Akaongeza mkia, ikawa "electricity", nukta ikahamia chini ya "tri". Akanieleza kuwa maneno yenye mkia huo huhesabiwa tatu kutoka mwisho, kama ile barabara isiyo ya lami. "Responsibility" akaikata kwa mistari vipande sita, akagonga dawati kwa kifundo cha kidole: ti, li, bi. Hapo kwenye "bi" aligonga kwa nguvu.

Kilichonishinda siku ile ni silabi zilizobaki. Kwetu "a" ni "a" popote ilipo, hainyimwi haki yake. Kwa Kiingereza silabi isiyo na mkazo humezwa, na kumeza sauti nilikuona ni kama kusoma ovyo. Madam alinisubiri. Chai yake ilipoa mezani, kengele ikalia, bado nagonga: "university", "electricity", "possibility".

Usiku bwenini niliendelea kwenye ukingo wa kitanda. Mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza nahesabu nini. Nikamwambia ateremke, nikamwambia aseme "nyumba", halafu "nyumbani".