Saa nne, saa nane, saa kumi na mbili

Leo nimefungua droo nikitafuta chaja, nikakuta kile kijitabu cha kurasa 32, chenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani yake mwandiko wangu na wa dada yangu unapokezana. Saa 12 asubuhi, amekunywa. Saa 4, amekunywa, ametapika kidogo. Saa 8, amekunywa, amelala. Saa 12 jioni. Saa 4 usiku, kipimo mara mbili ili apitilize hadi alfajiri. Kurasa 17 za mofini, dawa kali ya maumivu, ya mama.

Mama alikuwa na saratani ya umio, ile wengi wetu huiita ya koo. Ilipofika mahali hata uji haupiti vizuri, hospitali tuliyokuwa tukienda ikatuambia hakuna zaidi la kufanya, tumpeleke nyumbani. Tukifika nyumbani tufanye nini, hilo hatukuambiwa. Tulirudi Kayole na bahasha ya picha za eksirei na tembe za maumivu ambazo hangeweza kuzimeza. Usiku huo alilia mpaka jirani wa juu akashuka kubisha mlango. Mama hakuwa mtu wa kulia.

Mama mmoja wa jumuiya ndiye aliyeniuliza, "Kwani hospisi hamjaenda?" Mimi nilidhani hospisi ni mahali pa kulazwa watu wakafie. Nairobi Hospice ipo tangu 1990, ya kwanza nchini, pale karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Nimepita hapo kwa matatu sijui mara ngapi. Kumbe wagonjwa wao wengi wako majumbani kwao, na wahudumu ndio huwaendea kuwatuliza maumivu.

Muuguzi alipokuja alivua viatu mlangoni, akakataa kiti, akaketi kitandani. "Mama, usiku unalalaje?" Miezi yote ile ya vipimo na foleni, sikumbuki mtu akimuuliza hivyo. Kisha akamuuliza ni nini kinachomsumbua zaidi. Tulijua atasema koo. Mama akanyanyua kidole akamwonyesha ndugu yetu wa mwisho: "Huyu hajamaliza shule."

Baadaye nilisoma habari za Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967. Alianza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayeelekea kufa si ya mwili peke yake, yamo pia ya moyo, ya roho na ya wale anaowaacha. Niliposoma hayo nilikiona tena kile kidole cha mama.

Mofini ilikuwa ya maji, chungu, kwenye chupa ya plastiki, tukiipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Shangazi alipoiona aliisukuma kando. "Hiyo ni dawa ya kummaliza mtu." Muuguzi hakubishana naye. Alimwita karibu, akampa bomba lile alishike, akamwonyesha mstari wa kusimamia. "Shangazi, huu ugonjwa ndio unaomchukua. Hii ikipimwa vizuri, inamwondolea maumivu apate kulala." Akatuachia na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Siku ya tatu mama aliomba redio.

Kuna jambo limenikaa rohoni tangu wakati huo. Mama alipokuwa hospitalini, kikundi cha familia cha WhatsApp kilichanga vizuri. Alipofariki, kamati ilikutana kila jioni na pesa za mazishi zikatimia kwa siku 4. Lakini zile wiki 10 alizokuwa nyumbani hazikuwa na kamati. Nepi, glavu, teksi ya kufuata chupa nyingine ya dawa, tulijua wenyewe. Watu wangu huchanga mtu apone, na huchanga mtu azikwe. Sisemi kwa kinyongo, maana nami nilikuwa vivyo hivyo. Hapo katikati nilikuta mashirika ya hisani peke yake, na hayo nayo yanahesabu mafuta ya gari la muuguzi.

Hata kiti cha magurudumu tuliazimwa. Kilitoka kwa familia moja ya jumuiya, nao walikipata APDK, shirika la watu wenye ulemavu wa viungo lililoanza 1958, wenye karakana kule Waiyaki Way. Gurudumu moja lilikuwa likivuta kushoto. Kwa kiti hicho mama alitoka nje kila asubuhi kuota jua, karibu na kamba za nguo, akiwasalimia watoto kwa majina. Tulipomzika nilikiosha kwa sabuni, nikakifunga kwa mpira juu ya bodaboda, nikakipeleka kwa mwingine.

Sasa kiko kwa jirani yetu wa zamani, aliyehamia Dandora. Jana nimetuma pesa kidogo kwenye kikundi, nikaandika ni za nepi zake na nauli ya mtu wa kumchukulia dawa. Binamu yangu akauliza, "Amelazwa hospitali gani?"

Nikamjibu hajalazwa. Yuko kwake, anasikiliza redio, na Jumamosi anapenda wageni.