Rafu ya paini kando ya kabati la mninga

Rafu niliyochongesha kwa paini ilitakiwa ikae kando ya kabati la mninga la marehemu bibi. Rangi ya kahawia niliyonunua ilitoka na madoa, maana paini hunywa rangi bila usawa. Nikaikwangua yote kwa msasa namba 120, nikamalizia na 180, kisha nikapaka mkono mmoja wa vanishi niliyoizimua kwa thina, ili ubao usinywe rangi ovyo tena.

Kazi hasa ilikuwa kujaribu rangi kwenye vipande vilivyobaki vya ubao uleule. Vijiko 3 vya kahawia, 1 cha nyekundu; kila kipande kilichopakwa rangi nakipaka vanishi kwanza, ndipo nakiegemeza kabatini kulinganisha, mchana, dirisha wazi. Bila vanishi rangi hudanganya kabisa. Kipande cha 5 kilikubali, hadi ule wekundu wa mninga ukaonekana.