Komeo la saa ya nahodha

Alipoivua na kuilaza juu ya kitambaa, ililia tok, kama kopo la samli likitua mezani. Ilikuwa masika ya 2014, kibandani kwangu Mji wa Kale, Mombasa, na mwenyewe alikuwa nahodha wa tagi, zile boti za kuvuta meli bandarini.

"Fundi, saa yangu ina pumu," akasema. "Yaenda, yasimama. Nikiitikisa yaenda tena."

Ni saa ya chapa ya Panerai, Luminor Marina, kipenyo milimita 44 kabla hujahesabu kile kidaraja cha ubavuni. Kutoka ncha za juu zinazoshika mkanda hadi za chini ni kama milimita 53, na hicho ndicho kipimo cha kuangalia kabla ya kununua saa kubwa, si kipenyo. Ncha zikizidi upana wa mgongo wa kifundo cha mkono, mkanda hushuka wima kama pazia na saa hupinduka kila ukinyoosha mkono. Nahodha ana mikono ya kuvuta kamba, kwa hiyo ilimkaa vizuri. Mimi nilipoijaribu, sikuivaa; ilinivaa.

Kwanza niliishuku. Saa za chapa hii zimeigizwa mno, na bandia nyingi hubeba Seagull ST36 ya China, mashine iliyofuata ramani ileile ya Uswisi iliyomo katika saa ya kweli, hata ukisikiliza mdundo peke yake unaweza kudanganyika. Nikainamisha uso wake chini ya taa na kutazama namba kwa lensi. Uso wa Luminor hii ni mabamba mawili: la juu limetobolewa 12, 3 na 6, la chini limepakwa rangi ya kung'aa gizani. Katika saa ya kweli unaona ukuta wa tundu kabisa, kama dirisha la nyumba ya mawe. Hapa ukuta ulikuwepo. Bei yake haikuwa mbali na bei ya gari la Probox lililotumika, nikatandika kitambaa cha pili.

Sasa lile komeo. Kidaraja cha chuma kimeshikwa ubavuni kwa skrubu mbili, kinazunguka kifundo cha kutilia ufunguo, na ndani yake mna kijikono kinachojibana. Kifundo chenyewe hakina nyuzi za skrubu za kujifunga. Kinachozuia maji ni mpira, na kinachoubana mpira ni kijikono. Panerai ya Firenze, kabla ya kuuzia raia, iliwatengenezea saa wapiga mbizi wa jeshi la majini la Italia, na kwa kazi ile komeo lina maana: unalifunga, unalisahau. Tatizo ni kwamba saa hii haijijazi yenyewe. Kila ukitaka kuitia ufunguo lazima ufungue, na nahodha alikuwa akifungua kila alfajiri, siku nyingine akisahau kufunga mpaka jioni. Mpira ulikuwa umelala bapa upande mmoja, na juu ya kioo kwa ndani palikuwa na ukungu mwembamba sehemu ya namba 3, hapo hapo penye tundu la kifundo.

Nikaitia ufunguo hadi mwisho, nikaiweka kwenye mashine ya kupimia mwendo uso ukiwa juu. Mbembeo, yaani kiasi gurudumu la mizani linavyozunguka kila upande, ukasoma nyuzi 252. Si mbaya kwa saa iliyokaa miaka bila huduma, na nusura nimwambie nahodha tuisafishe kifundo tu. Halafu nikaona kipimo cha pembe ya kuinua, ile pembe ambayo mizani huzunguka ikiwa imegusana na uma unaoisukuma, bado kiko 52, pale kinapoanzia kila ukiwasha mashine. Familia hii ya mashine inataka 44. Mashine ya kupimia haiuoni mbembeo wenyewe. Inasikiliza milio na kupiga hesabu kwa pembe uliyoipa, na ukiipa pembe kubwa inakurudishia mbembeo mkubwa. Nikabadilisha. Ikasoma 213, na nilipoisimamisha wima ikashuka chini ya 200. Huo ni ugonjwa, si uchovu.

Kuifungua ilichukua muda kuliko nilivyotaka. Kifuniko cha nyuma kimekazwa kwa nyuzi na kina dirisha la kioo katikati, kwa hiyo ufunguo ukiteleza unakwaruza chuma na kioo kwa mpigo mmoja. Nikabandika tepu tabaka mbili, nikatafuta taya zinazokaa sawasawa, nikazungusha kwa uzito wa bega badala ya kiganja.

Na ndani, rafiki wa zamani. Panerai wameipa jina OP XI, wameichora mistari ya mapambo, nayo hupiga mapigo 21,600 kwa saa, lakini asili yake ni Unitas 6497 ya Uswisi: kipenyo milimita 36.6, unene 4.5, vito 17 vya kupunguza msuguano, mashine iliyobuniwa kwa saa za mfukoni. Mafundi wengi duniani wamejifunza kazi kwayo, kwa kuwa kila kitu kinaonekana na kila skrubu inashikika. Hapo ndipo nilipoacha kuicheka ile milimita 44. Nimefungua saa nyingi kubwa zilizo na mashine ndogo katikati na pete ya plastiki kujaza pengo, nyumba ya ghorofa yenye mpangaji mmoja. Hii mashine imekijaza chumba.

Nikatoa nguvu kwanza: unashika kifundo, unainua kizuizi cha springi kwa kijiti cha mti, unaacha kifundo kirudi taratibu kati ya vidole. Ukiruka hatua hii na kutoa uma wa mapigo, ule unaozuia na kuachia magurudumu, springi ikiwa imejaa, magurudumu yatafumka mbio na ncha zinaweza kukatika. Skrubu inayoshika kijiti cha kifundo ililegezwa mizunguko miwili tu. Ukiitoa yote, kipande kilicho upande wa pili kinadondoka chini ya uso, na hapo umejitakia kazi ya kuvua mishale na uso kabla ya wakati wake.

Kijiti kilitoka na unga wa kahawia. Kutu, pale kinapopita kwenye tundu la kasha. Unga ule ulikuwa umesafiri: niliukuta kwenye ekseli ndefu ya gurudumu la nne, lile linalobeba mshale wa sekunde upande unaotazamana na namba 3. Chembe moja, ndogo kuliko mbegu ya pilipili iliyopasuliwa mara kumi. Ndiyo pumu yenyewe. Ukiitikisa saa chembe inasogea, ikirudi saa inasimama.

Magurudumu yakaenda kuoga, suuza mbili, kikaushio. Mafuta, kwa majina yake ya chupani: 9010 kwenye vito vya magurudumu yaendayo mbio na vya mizani, D5 kwenye gurudumu la katikati na ekseli ya pipa la springi, 9415 tone dogo kwenye mawe ya uma. Ncha za uma wenyewe hazipakwi. Mafuta hapo ni gundi. Kijiti kipya, mpira mpya uliopakwa grisi ya silikoni. Siku ya pili, kwa pembe ya 44, ikasoma 288 ikilala na 256 ikisimama.

Nikaipasha moto kiasi cha jua la asubuhi, nikadondosha tone la maji baridi juu ya kioo, nikafuta baada ya dakika. Hakuna ukungu. Mashine yangu ya hewa haiwezi kuthibitisha kina cha mita 300, nikamwambia hivyo: mvua sawa, kunawa sawa, kuzama mpaka ipimwe penye chombo cha kutosha. Na asiitie ufunguo kila siku. Inakwenda saa 56, siku moja ndiyo, moja hapana. Mpira utadumu maradufu.

Alilipa, akaivaa, akafungua kidaraja kujaribu kifundo, akaridhika, akaelekea mlangoni.

"Nahodha, komeo!"

Akageuka, akaurudisha mlango wa kibanda na kuukomea vizuri, kisha akasimama ndani akinitazama, akingoja kujua kuna nini.